Mbio za Matope Kalenga, na Baba Mkwe Nyuma ya Kitenge

Wote mliotumiwa ile video mmeniuliza swali moja, kwa maneno tofauti na vicheko tofauti: kwa nini mwalimu mzima, mama wa watoto wawili, anaonekana akitumbukia kwenye mahindi makavu na baiskeli begani, wakati wenzake wote wanapita njiani? Wengine mmesema nilibanwa na haja. Mmoja, simtaji, amewatangazia watu kwamba nilimwona nyoka. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimekaa chini niandike safari yote, kutoka Uyole hadi Kalenga na kurudi. Mkishasoma mniache nisahihishe madaftari.

Nawaonya mapema kwamba sehemu kubwa ya safari hii mimi mwenyewe sikuielewa. Nitaandika jinsi ilivyokuwa, na pale nilipopigwa butwaa nanyi mpigwe butwaa pamoja nami.

Uyole: abiria ambaye hakuwa kwenye hesabu

Kwa wale wanaodhani saiklokrosi ni ugonjwa wa kuku: ni mbio za baiskeli zinazofanyika mahali ambapo mtu mwenye akili angepita kwa miguu. Njia ni fupi, mnaizunguka tena na tena. Kuna matope, kuna mfereji, kuna mbao zimewekwa makusudi ili ushuke, ubebe baiskeli begani, uruke, upande tena. Kaka yangu Festo, fundi baiskeli wa Iringa, ndiye aliyetuambukiza. Mwaka huu alichora njia kwenye shamba la nyumbani kwetu Kalenga, akaita marafiki, ndugu na majirani, na mimi na Rehema tukaapa kwenda. Rehema ni nesi, jirani yangu hapa Uyole. Mwaka mzima tumepanda vilima pamoja kabla jua halijatoka, yeye akiimba na mimi nikilalamika.

Sasa, jambo moja lazima mlijue, la sivyo hamtaelewa chochote. Mimi ni Mhehe niliyeolewa Unyakyusani, na ukoo wa mume wangu ni wa wale walioshika mila: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana. Hawaonani tu. Yeye akija njia hii, mimi napita ile; akikaa sebuleni, mimi nipo jikoni; jina lake silitamki. Wanyakyusa wengi siku hizi wameiacha na wanasalimiana na wakwe zao kanisani bila taabu, lakini Mzee wetu wa Tukuyu hakuiacha, na mimi siku ya kuolewa nilikubali. Kwa miaka minane nimemjua kwa vitu viwili: kikohozi anachokohoa makusudi kabla ya kuingia uani ili nipate kujificha, na viatu vyake vya kahawia ninavyovichungulia chini ya mlango.

Nilipoanza kuendesha baiskeli, alituma neno moja kutoka Tukuyu. "Baiskeli ni ya kubebea mkungu wa ndizi." Basi. Hakukataza, hakuruhusu. Na mume wangu Ambakisye, mtu mwema asiyependa ugomvi, aliniambia wazi: "Baba akisema uache, Mama Lusekelo, utaacha. Mimi siwezi kumbishia baba yangu." Tangu siku hiyo kila nikipanda baiskeli naipanda kama kitu cha kuazima.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tunafunga baiskeli mbili juu ya gari, Noah aliyoazima Ambakisye kwa rafiki yake. Binti yangu Lusekelo, ambaye alikuwa anabaki na shangazi yake, alikuwa amezipamba kwa riboni nyekundu ili tushinde. Nikasikia kikohozi getini. Sikufikiri, nikaingia stoo na kufunga mlango. Baada ya muda mrefu Ambakisye akaja kuniita kwa sauti ya chini.

"Baba kaja."

"Kaja kufanya nini?"

"Anakwenda na sisi Kalenga."

"Kalenga kufanya nini?"

"Kuona."

"Kuona nini?"

"Hajasema."

Nilikaa juu ya gunia la mkaa. Aliyeambiwa mke wa mwanawe anavaa suruali za kubana na kuruka mitaro mbele za watu, halafu akasafiri kutoka Tukuyu alfajiri bila kualikwa, anakwenda kuona nini kama si kuthibitisha? Rehema, aliyekuwa amenifuata stoo, alikuwa na swali lake lingine. "Anakwenda kuona, sawa. Lakini si haruhusiwi kukuona? Sasa ataona nini?"

Tulipoteza saa nzima kupanga viti. Mzee hawezi kukaa nyuma kwa sababu ni mzee, mimi siwezi kukaa mbele kwa sababu ni mimi, na tukikaa wote ndani ya gari moja kuna kioo cha dereva kinachoonyesha kila kitu. Hatimaye Rehema akaleta kitenge changu kikubwa cha kijani na vibanio vya nguo, akakining'iniza nyuma ya viti vya mbele kutoka mlango hadi mlango. Mzee akapanda. Kisha mimi nikatoka stoo nikiwa nimejifunika khanga, nikapanda nyuma. Tukaondoka tumechelewa, na Ambakisye akiendesha bila kuona kitu nyuma yake.

Uyole hadi Igawa: tunaonekana tumebeba mwali

Barabara inapanuliwa, kwa hiyo kila baada ya mwendo mfupi tulisimamishwa na mtu mwenye bendera. Tukisimama, injini inazimwa. Mzee alianza maswali Inyala.

"Ambakisye, muulize mkeo. Hiyo baiskeli yake inazidi mkungu kwa uzito?"

Ambakisye akageuza shingo kuelekea kitenge. "Baba anauliza baiskeli inazidi mkungu kwa uzito?"

"Mwambie haifiki hata nusu ya mkungu," nikasema.

"Anasema haifiki hata nusu, Baba."

"Nimesikia," akasema Mzee.

Rehema akaninong'oneza, "Kama anasikia, Ambakisye mnamtesa kwa nini?" Nikamwambia anyamaze. Yeye ni Msangu, kwao mambo ni mengine, na ni kweli ukitazama kwa nje tulikuwa watu wanne tuliobanana karibu tugusane magoti, na maneno yanazunguka kama barua ya serikali. Tulipofika Igurusi Mzee akauliza kama mshindi anapewa cheti. Tulipofika Chimala akauliza kama wanawake wengine wanaokimbia wameolewa. Nilijibu wengi wameolewa, nikabaki kujiuliza kama jibu hilo lilinisaidia au lilinimaliza.

Igawa tulisimama kumchukulia Festo gunia la mchele. Shangazi yake Rehema alikuwa ameuleta kutoka Ubaruku, mwanamke mnene mchangamfu, na alikuwa amengoja tangu asubuhi. Mzee alishuka kunyoosha miguu, kwa hiyo nikajifunika khanga mpaka puani. Shangazi akachungulia dirishani. Akaona kitenge kimefungwa kama pazia. Akaona mwanamke kajitanda, kainama, hasemi. Akatazama juu, akaona riboni nyekundu.

Akapiga vigelegele.

Nisiwadanganye, Igawa nzima iliitikia. Wauza mchele wakaacha mizani, wauza vitunguu wakaja mbio, mama mmoja nisiyemjua akanipitishia ungo mpya dirishani na kuniambia nikawapepetee vizuri huko niendako. Rehema alikuwa anacheka mno hata asiweze kumweleza shangazi yake, kwa hiyo Ambakisye ndiye aliyejaribu.

"Hapana mama, huyu anakwenda kwenye mashindano."

"Baba, ndoa ni mashindano, hujakosea!" akajibu shangazi, akamgeukia Mzee. "Wewe ndiye baba wa mwali?"

Nilingoja Mzee akanushe. Angeweza kusema tu kwamba mwali huyu ana watoto wawili na amebeba pampu ya upepo kwenye mkoba. Nikasikia sauti yake, ya pole. "Mimi ni baba wa bwana."

"Basi mmempata mtoto mwenye adabu! Tazama anavyojificha!"

"Ndaga fijo," akasema Mzee, yaani asante sana, akapanda gari. Tulipoondoka vigelegele vilikuwa bado vinatufuata, nami nilikuwa na ungo mapajani. Sikujua kama alikuwa ananisifu, ananitania, au alichoka tu kubishana na watu wasiomjua.

Makambako na Mafinga: viazi vya mtu wa haraka

Makambako upepo ulikuwa unakata masikio. Mzee na Ambakisye waliingia mbele kwenye mgahawa, Rehema akawafuata, mimi nikazunguka nyuma kutafuta mlango wa jiko ili nile nisipoonekana. Nilipoingia tu, mama mwenye mgahawa akanirushia aproni.

"Umechelewa! Kisu kile pale, viazi hivi hapa."

"Mama, mimi ni mteja."

"Wateja wanakaa mbele."

"Mbele siwezi. Yupo baba mkwe wangu."

Akanitazama kwa huruma. "Kumbe mkwe anakufuata mpaka kazini kukukagua? Wanaume hawa! Menya, mwanangu, asikukute umekaa bure."

Nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi wa shule na kujieleza vizuri, lakini pale nilichukua kisu. Nikamenya viazi nusu ndoo. Mama yule alikuwa akimngoja msichana mpya aliyeahidiwa na jamaa yake, na hakuamini kwamba siye mimi mpaka msichana mwenyewe alipofika, ndipo akanipa chakula changu na kucheka mpaka akakaa chini. Kupitia dirisha la kupakulia nilimsikia Mzee akila viazi vile vile.

"Ambakisye, hivi viazi vimemenywa na mtu wa haraka."

"Kwa nini, Baba?"

"Ameacha macho yote."

Nilisimama pale na sahani mkononi, nisijue nicheke au nilie.

Mafinga ilikuwa ukungu na misonobari, tukanunua chai ya tangawizi, na hapo ndipo Mzee alipouliza swali lililonisumbua hadi tulipofika.

"Muulize mkeo. Akianguka, nani anamwinua?"

"Mwambie nainuka mwenyewe."

Safari hii hakusema amesikia. Kimya kile kilitufikisha Ifunda, kikatufikisha Tanangozi, kikateremka nasi mlima wa kuingia Iringa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, nami nilikuwa nangoja huo mshindo tu. Nilijua nimejibu kwa kiburi. Nilijua pia kwamba nisingejibu vingine.

Kalenga: mlango wa jikoni

Festo alitupokea jua likianza kushuka. "Kamwene, kamwene!" akasalimu kwa Kihehe. Akamshika Mzee mikono miwili, akamwita mkwe, akamwingiza kwa mlango wa mbele, akamkalisha kwenye kiti kikubwa cha mbao alichokuwa akikalia marehemu baba yetu. Mimi nikapitia jikoni.

Niseme lililo moyoni. Nyumba ile nilizaliwa ndani yake. Mlango ule wa mbele nilijifunzia kutembea nikiushika. Na siku ile niliingia kwetu kama mwizi wa kuku, nikiinama chini ya dirisha, kwa sababu ya mtu aliyekuja bila kualikwa kunitazama bila kunitazama. Nilikasirika. Festo alipokuja jikoni kuchukua ugali na mboga ya mnafu, alinikuta nimekaa kwenye kinu.

"Dada, umeibiwa mume?"

"Usinichekeshe, Festo. Hii labda ni mara yangu ya mwisho kuendesha."

Nikamweleza kila kitu. Alisikiliza nusu, kwa sababu kuku alikuwa anaungua. Kisha Ambakisye akaingia na ujumbe. "Baba anasema kuna neno atazungumza na sisi. Baada ya mbio."

"Neno gani?"

"Hajasema."

Nikamwuliza Ambakisye yeye anadhani nini. "Baba akiwa na neno dogo hulisema hapo hapo," akasema. "Hili ameliweka."

Jumamosi: kiti cha heshima

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma vidole, kisha jua likatoka zuri. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia: mafundi wa Iringa mjini, walimu, kwaya nzima iliyokuwa njiani kwenda mazoezi, bibi zangu na vigoda vyao. Njia ilianzia getini, ikateremka shamba lililokwisha kuvunwa, ikapita bustani ya mboga ambayo Festo aliijaza maji mpaka ikawa uji, ikavuka mfereji, kisha ikapanda tuta kali ambalo huwezi kulipanda ila kwa miguu, baiskeli begani. Juu ya tuta palikuwa pembamba: kushoto ua wa minyaa, kulia mahindi makavu ambayo hayajavunwa, katikati mnapita mmoja mmoja. Ukishapita hapo unarudi getini, unaanza tena. Mizunguko mitano.

Wanawake tulikuwa kumi na wanne. Gaudence, mwalimu wa michezo wa pale kijijini, akapuliza filimbi, tukaondoka. Nilisahau kila kitu. Nilisahau kitenge, ungo, viazi. Bustanini watatu waliteleza mbele yangu na mimi nikapita pembeni, na nilipovuka mfereji nilikuwa wa tatu. Wa tatu! Nikaitupa baiskeli begani, nikapanda tuta nimeinama, natazama pa kukanyaga, na hatua mbili kabla ya kilele nikaona viatu vya kahawia.

Miguu yangu iliamua kabla yangu. Nikageuka kulia, nikaingia kwenye mahindi.

Hiyo ndiyo video yenu. Mnachokiona ni mwanamke anayekimbia kati ya mabua makavu, baiskeli inakwama, anaivuta, majani yanaruka, watu wanapiga kelele "Huku! Njia huku!" Nikalizunguka shamba lote la mahindi na kutokea upande wa pili, wa kumi. Gaudence alikuwa ananingoja na filimbi yake.

"Mwalimu, umetoka nje ya utepe!"

"Nimezunguka mbali zaidi, sijaiba njia."

"Najua. Kwa hiyo nakusamehe mara moja. Ukitoka tena nakufuta."

Baadaye Festo alinieleza. Mgeni wa heshima hakalishwi pembeni, na mkwe ndiye mgeni wa heshima kuliko wote. Kwa hiyo alikibeba kiti cha marehemu baba, akakiweka juu ya tuta, mahali pazuri kuliko pote, ambapo kila mkimbiaji lazima apite polepole mbele ya uso wa Mzee. "Nilijua hamsalimiani," akasema, "nikadhani ni salamu tu." Mzee naye hakukataa kiti, kwa sababu mgeni hakatai kiti.

Mzunguko wa pili nilifika kwenye mfereji nikasimama. Maji ya matope yalikuwa juu ya vifundo vya miguu. Nikipanda, nakutana na Mzee uso kwa uso mbele ya kijiji kizima, na heshima ya miaka minane inaisha kwenye tuta, naye anapata sababu aliyoifuata toka Tukuyu. Nikiingia mahindini nafutwa. Nikisimama, ni kama nimefutwa. Rehema akanifikia akihema.

"Unangoja nini?"

"Yupo!"

"Nani?"

"Mzee! Juu!"

Rehema akatazama juu, akasema neno ambalo manesi hawasemi, akapanda. Wengine wawili wakanipita. Machozi yalinitoka, sifichi, na matope yalikuwa yamejaa mikononi nisiweze kuyafuta.

Ndipo nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Nyumbani kikohozi kile maana yake ni moja: nakuja, jifiche. Hapa nijifiche wapi? Kisha nikasikia mti ukiburuzwa kwenye udongo, kitu kizito, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili kirefu. Kisha kimya. Kisha kikohozi kingine. Nikapanda hatua tatu nikachungulia kati ya majani. Nikaona mgongo wa kiti. Juu ya mgongo wa kiti nikaona koti, kofia, na kati yake shingo nyembamba yenye mvi ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu. Mzee alikuwa ameyageuzia mashindano mgongo.

Nikapita nyuma yake. Nilipita karibu mno hata ningeweza kumgusa bega, na hakutikisika.

Nilipita tena mzunguko wa tatu, wa nne, na wa tano, na kila nilipopanda tuta mgongo ulikuwa pale pale. Watu wote walishangaa. Jamaa wa kipaza sauti akatangaza, "Mzee wetu mgeni, mashindano yapo nyuma yako!" Kwaya ikacheka. Festo akaja mbio na kikombe cha chai, akiogopa kwamba mgeni amechukizwa na jambo.

"Mkwe, tukugeuze?"

"Niache. Natazama mto."

Kutoka pale mto hauonekani. Kuna ukuta wa choo cha jirani.

Nikamaliza wa nane. Rehema akawa wa sita, na hakunisamehe kwa kumchelewesha pale mferejini. Mama zangu walinivika maua ya maboga shingoni, wakanipongeza, nikacheka nao, lakini ndani nilikuwa nimevurugikiwa. Kwetu ukimgeuzia mtu mgongo mbele za watu umemkataa. Alinipisha au alinikataa? Nilimwuliza Ambakisye.

"Sijui," akasema, na nilijua anasema kweli.

Tulingoja lile neno. Mzee alikula, akashukuru, akasema viungo vinamuuma kwa baridi, akaenda kulala.

Jumapili: kurudi

Baada ya ibada tulimuaga Festo. Kitenge kikarudi mahali pake, baiskeli juu, ungo chini ya miguu yangu. Mzee hakusema kitu Tanangozi. Hakusema kitu Mafinga, ingawa tulisimama kunywa chai. Makambako niliona njaa nikala hindi la kuchoma ndani ya gari, naye hakuuliza wala kutania. Rehema alilala. Igawa shangazi yake alikuwa barabarani akitupungia, na Ambakisye akapiga honi bila kusimama. Nilianza kujiambia maneno ya kujifariji: kwamba nimeendesha mwaka mzima, si haba, kwamba Lusekelo atairithi baiskeli, kwamba magoti yangu hata hivyo hayakuwa mazima. Hakuna hata moja lililonifariji.

Tulipita Chimala, na upande wa mashamba ya mpunga jua lilikuwa limelegea, ndipo Mzee alipokohoa.

"Ambakisye."

"Naam, Baba."

"Mkeo yupo macho?"

"Yupo, Baba."

"Mwambie pale kwenye mfereji anashuka mapema mno. Wenzake walikuwa wanashuka wakiwa wameshaingia majini. Nilisikia maji kwanza, kisha miguu. Yeye miguu kwanza, kisha maji. Anapoteza hatua kumi kila akizunguka."

Ambakisye alisahau kazi yake ya kupeleka ujumbe. "Lakini Baba," akasema, "wewe ulikuwa umetazama ukuta. Walikuwa kumi na wanne. Ulimjuaje?"

"Mnyororo wake unalia."

Nilijifunika mdomo kwa khanga. Rehema alikuwa ameamka, ananitazama macho yamemtoka. Gari lilikwenda. Nilijua napaswa kungoja, kwamba mtu mwenye adabu angengoja, lakini nilikuwa nimengoja tangu Ijumaa.

"Baba Lusekelo," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "muulize Baba kama niache."

Mume wangu akafungua mdomo. Nikaona mabega yake kwa kivuli kupitia kitenge, yamekakamaa kama ya mtoto aliyetumwa kwa mwalimu mkuu.

"Nimesikia," akasema Mzee.

Tukapita lori, kisha lori jingine.

"Mwambie mwakani autie mafuta huo mnyororo," akasema. "Lakini yasiwe mengi. Nitamjuaje akipita?"